Skuta ya Umeme: Kutembea, Kutembeleana na Kupunga Upepo

Barua nyingi tulizopata baada ya kuandika kuhusu skuta za umeme, zile za magurudumu matatu au manne kwa mtu ambaye miguu haimfikishi mbali, haziulizi habari za kliniki. Zinauliza habari za feri, harusi na ufukwe. Tumefurahi sana, maana huko ndiko skuta inakofanya kazi yake kubwa.

Mwanangu ameniletea skuta ya magurudumu manne kutoka Uingereza. Nakaa Likoni, na natamani kuvuka nikapunge upepo ufukweni Mama Ngina kama zamani. Mteremko wa feri unanitisha. Je, itanishika?
*Mama wa Likoni, Mombasa*

Shikamoo, mama. Skuta iliyo nzima itakushika, lakini chagua saa ya kuvuka.

Breki ya skuta nyingi hizi inafanya kazi yenyewe: ukiachia kibonyezo cha mwendo, mota inasimama na breki inajifunga. Kwa hiyo ukiingiwa na hofu, achia mkono. Wengi wakishtuka hukaza vidole, na kukaza vidole ndiko kuongeza mwendo. Lizoee jambo hili uani kwako kwanza, mpaka mkono uachie bila kuambiwa.

Nyuma, karibu na mota, kuna wenzo mdogo unaoiweka skuta fri ili isukumwe kwa mkono. Ikiwa fri, breki ile haipo kabisa. Kijana mwenye nia njema akiuvuta mkiwa mteremkoni, hakuna tena kitakachokuzuia. Mwambie kila anayekusindikiza, kabla hamjafika kivukoni, kwamba wenzo huo hauguswi.

Fungua kitabu cha skuta uone mwisho wa mwinuko wake. Skuta nyingi ndogo zinaishia digrii 6 hadi 8, kubwa hufika 10 au zaidi kidogo. Nao mteremko wa feri haufanani kutwa nzima. Maji yakijaa, chombo kinakaa juu na unashuka kidogo tu. Yakipwa, unateremka mbali, na saruji ya chini ni ile iliyokuwa baharini saa chache kabla, imejaa utelezi wa mwani. Siku za bamvua, za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani yetu hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na saa kumi ndiyo saa nzuri ya kwenda Mama Ngina. Kumbuka tu kwamba baada ya hapo maji yanaanza kutoka, hivyo usingoje usiku mkubwa ndipo urudi.

Mteremkoni, zungusha kitufe cha mwendo hadi kwenye picha ya kobe. Elekea chini moja kwa moja, usikate kwa mshazari, kwa kuwa skuta hupinduka kwa urahisi zaidi ubavuni. Ukipanda, inama mbele. Penye ukingo wa bati la feri, magurudumu mawili ya mbele yaguse pamoja. Waombe wahudumu wakupitishe kabla ya umati kuachiliwa, kwani kusimama ghafla katikati ya mteremko kwa sababu mtu amekukatiza ni kubaya kuliko mteremko wenyewe. Mkishaingia, zima ufunguo na uutoe.

Nimenunua skuta ya mtumba iliyotoka Marekani. Chaja ilitoa moshi siku ya kwanza. Fundi akanifungia betri mbili za gari, lakini sasa natembea kilomita mbili inazima. Nimekata tamaa ya kutoka.
*Msomaji, Morogoro*

Usikate tamaa, kaka. Hapo kuna makosa mawili, na yote yanarekebishika.

Chaja: soma kibandiko chake palipoandikwa INPUT. Ikiwa 100–240V, inafaa kwetu. Ikiwa 115V peke yake, ni ya umeme wa Marekani, na ukiichomeka kwenye 230V ya hapa inaungua papo hapo. Usiitengeneze. Nunua chaja ya volti 24 ya betri za risasi zilizofungwa, yenye plagi inayoingia kwenye skuta yako, na fundi apime kwanza kama chanya na hasi zimekaa sawa.

Betri: ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache gari liwake, kisha ijazwe mara moja. Bamba zake ni nyembamba. Ukiitumia polepole mpaka iishe, kila siku, inakufa baada ya muda mfupi, na yenye maji inaweza kumwaga asidi skuta ikilala. Unachotaka ni betri mbili za 12V zilizofungwa, za AGM au jeli, aina inayovumilia kutumika hadi chini. Maduka ya sola huwa nazo. Zile ndogo za UPS, kifaa cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika, zinaingia kwenye skuta ndogo na zitakutembeza, ila hazidumu sana kwa kazi hii. Nunua zote mbili siku moja, aina moja: ukichanganya mpya na ya zamani, ya zamani inaimaliza mpya.

Kwa skuta ya betri za 35Ah (Ah ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba), chaja ya ampea 5 inatosha; kwa 12Ah, ampea 2. Chaji baada ya kila safari, hata ya dukani, na uiache usiku mzima. Gharama isikuogopeshe: 24V mara 35Ah ni 840Wh, kwa hiyo hata ikiwa tupu, pamoja na kinachopotea njiani, ni kama uniti moja ya Luku, umeme wa kulipia kabla, na kidogo juu yake. Kinachoua betri za watu ni kuachwa tupu wiki kadhaa kwa kuwa "sikutoka". Kinachofuata ni joto, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila digrii 10 zaidi ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa nusu. Ukirudi kutoka juani, iache kivulini ipoe kwanza.

Kuipima: ijaze, ichomoe, iache ilale. Asubuhi kila betri isome kama 12.8V. Ikisoma chini ya 12.4V, imechoka.

Na umbali ulioandikwa kitabuni ulipimwa kwenye sakafu tambarare. Kwa barabara zetu, panga nusu yake, kwenda na kurudi. Mshale wa betri usome ukiwa unapanda, maana skuta ikisimama mshale hupanda na kukudanganya. Matairi ya upepo yakiwa laini, umbali unapungua zaidi. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, mara nyingi kati ya psi 30 na 35.

Nimealikwa kichen pati ya binti wa shoga yangu. Ukumbi una ngazi tatu. Sitaki kubebwa kama gunia mbele ya watu.
*Msomaji, Temeke, Dar es Salaam*

Na usikubali kubebwa, dada.

Usimwulize mwenye ukumbi kama pake "panafaa", kwa kuwa kila mwenye ukumbi atakuambia panafaa. Uliza ngazi ni ngapi, kila moja ina sentimita ngapi, mlango una upana gani, na choo je. Omba picha kwa WhatsApp, mtu akiwa amesimama karibu na ngazi ili uone urefu. Pima skuta yako kwenye usukani na kwenye mikono ya kiti, sehemu zilizo pana zaidi.

Hesabu ya mteremko ni rahisi: kila sentimita 1 ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka ubao wa mita 1.8. Fundi seremala anaweza kuutengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18 iliyopigiwa mbao tatu za inchi 2x4 chini, upana sentimita 90, na vijiti pembeni gurudumu lisitoke. Ngazi tatu zinataka mita 5.4, na huo si ubao tena. Hapo uliza mlango wa jikoni, wa kupitishia sufuria na makreti ya soda. Mara nyingi uko sawa na ardhi. Kuingia kwa mlango wa jikoni kwa skuta yako mwenyewe ni heshima kuliko kupita mlango mkuu mikononi mwa vijana wanne.

Ikibidi skuta inyanyuliwe, wewe ushuke kwanza. Betri zitolewe, maana ndizo nusu ya tabu. Waishike kwenye chuma cha chini. Wakishika mikono ya kiti, kiti kinachomoka. Wakishika plastiki, inavunjika.

Sasa vazi, jambo ambalo vitabu vya skuta havilitaji kwa kuwa waandishi wake hawavai deraa. Pindo linaloning'inia nyuma linaingia kati ya gurudumu na ekseli, linajisokota, na linakuvuta kwenda nyuma. Kusanya pindo lote mbele, likalie, kisha funga kanga mapajani. Ncha za mtandio ziingie ndani. Likishanasa, achia kibonyezo, zima ufunguo, shuka kama unaweza, kisha mtu aiweke fri na kuisukuma nyuma taratibu. Usijaribu kulitoa kwa mota.

Mezani, chagua kona. Katikati ya safu kila anayepita atakuomba usogee. Na ufunguo ukae kwenye pochi yako, watoto wa harusini hawawezi kujizuia.

Nimehamia Leicester. Wenzangu huenda matembezi ya mashambani Jumamosi. Naweza kuwafuata?
*Msomaji, Uingereza*

Unaweza. Uingereza ina madaraja mawili: daraja la 2, la njia ya miguu tu, mwisho maili 4 kwa saa, na daraja la 3, linaloruhusiwa barabarani hadi maili 8, ambalo lazima liandikishwe DVLA, idara ya magari na leseni ya huko, bila malipo. Juu ya njia ya miguu hata hilo linarudi maili 4. Leseni haihitajiki.

Kwenye treni, kipimo cha kawaida ni sentimita 70 kwa 120, na kila kampuni ina masharti yake, hivyo piga simu kabla. Kwa tope na majani usitumie skuta ya mjini. Maeneo mengi ya National Trust, shirika linalotunza mashamba na majumba ya kale, yanaazima skuta za njia mbovu kwa kuweka nafasi mapema. Mwambie anayepanga njia akague mageti: geti la kupita mtu mmoja mmoja ndilo linalokatisha safari, si kilima. Na baridi kali inakula umbali wa betri, punguza hesabu yako.

Ufukweni je? Bagamoyo mchanga ni mwingi.
*Msomaji, Bagamoyo*

Mchanga mkavu, hapana. Gurudumu la nyuma linachimba na mota inachemka. Mchanga ulioloa na kushindiliwa maji yakipwa unapitika kwa skuta yenye matairi mapana ya upepo, mwendo mdogo, bila kukata kona kali, na uwe na mwenzako. Usiingie majini hata kidogo. Ukirudi, pangusa vyuma kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, usimwagie kwa mpira wa bomba, kausha, na kila mwezi paka vaselini kwenye vichwa vya betri baada ya kukaza nati.