Droo Iliyoingia Vizuri Mwezi wa Nane

Karibu nusu ya maswali niliyopokea safari hii ni swali moja lililovaa nguo tofauti, kwa hiyo naanza nalo.

Fundi, mwezi wa tisa nilimtengenezea mteja komode ya mbao ya mulombwa yenye droo nne, nazo zilikuwa zikiteleza bila kelele. Mvua ilipoanza zote zilikwama, na sasa anadai pesa zake. Kosa ni langu au la mbao? (Katuba)

Ni lako, ndugu, na lilikuwa langu kabla yako. Miaka yangu ya kwanza kazini nilipeleka komode ya arusi mwezi wa nane, droo nikiwa nimezibana hata karatasi isipite juu yake. Mwezi wa kwanza mwenye nyumba alivuta kishikio hadi kikang'oka mkononi mwake, droo ikabaki palepale. Hapa Lubumbashi hatuna mvua tangu mwezi wa tano hadi wa kumi hivi, kisha hewa inageuka ghafla, na mbao hunywa unyevu huo ikavimba kwa upana wake, karibu kamwe kwa urefu wake. Kwa sababu hiyo, usiguse mbavu za droo iliyokwama kabla hujachunguza ukingo wake wa juu. Upana wa droo hufuata urefu wa nyuzi za ubao wa mbele, ambao haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana; kinachopanda ni kimo. Droo ya kimo cha sentimeta 20 inayotengenezwa wakati wa ukavu mimi huiachia milimita 2 juu, na pembeni nusu milimita kila upande. Inayotengenezwa katikati ya mvua naiacha karibu kubana, kwa kuwa itanywea yenyewe. Piga randa ukingo wa juu, paka mshumaa mahali droo inapopita, umrudishie mteja droo zake na wala si pesa zake.

Haya yote yanafaa ikiwa mbao ilikuwa kavu, jambo ambalo hukulitaja, na wasiolitaja kwa kawaida wana sababu. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka upesi, ukipime kwenye mizani ndogo, kisha ukiweke katika tanuru ya mikate moto ukiwa umepungua, ukikipima tena na tena hadi uzito usishuke. Kikianza na gramu 560 na kuishia 500, kimepoteza 60, ambazo ni asilimia 12 ya uzito mkavu, na hapo unaweza kuanza kazi. Kikikupa asilimia 25, rudisha ubao kivulini, uupange kwa vijiti katikati, umwambie mteja asubiri. Asiyetaka kusubiri aende akanunue meza ya plastiki.

Kwenye kiungo cha pembe za droo, nianze kukata mikia au meno yanayoingia kati yake?

Mikia. Kisha laza ubao wa ubavu juu ya mwisho wa ubao wa mbele, uchore meno kwa ncha ya kisu. Wanaotumia penseli ndio wanaoniandikia tena baada ya wiki mbili wakilalamika kwamba viungo vina nafasi.

Mkia uliopanuka sana si ndio unaoshika zaidi? (Likasi)

Hapana. Kiungo hiki, ambacho walimu wetu walikiita kwa Kifaransa *queue d'aronde*, yaani mkia wa mbayuwayu, hushika kwa sababu mikia iko kwenye mbavu na kila unapovuta droo inajikaza yenyewe. Mteremko wa 1 kwa 8 unatosha kwa mbao ngumu, na 1 kwa 6 kwa mbao laini. Ukizidisha hapo, pembe za mkia zinabaki na nyuzi fupi zinazovunjika kwa pigo la kwanza la nyundo.

Nikijaza nafasi kwa vumbi la msumeno na gundi nyeupe, mteja atajua?

Atajua siku vumbi hilo litakapodondokea shati lake jeupe. Chonga kabari nyembamba ya mbao ileile, nyuzi zikielekea upande uleule, uitie gundi na kuisukuma ndani. Safari ijayo kata upande wa taka, yaani wa mbao itakayotupwa, ukiuacha mstari uonekane.

Kwa nini usitumie reli za chuma tu za kutelezeshea droo? (Goma)

Kwa kabati la jikoni, zitumie. Katika komode ya mbao ya libuyu zitakula karibu milimita 13 kila upande, na kazi yote ya mikono uliyoifanya itabaki kuning'inia juu ya skrubu.

Natafuta mbao ya mukula kwa ajili ya mbao za mbele. Nipate wapi?

Sitakuelekeza. Mukula uliingizwa mwaka 2019 katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya miti na wanyama wa porini, baada ya miaka ya magogo kuondoka kwa malori, na fundi wa komode moja hana sababu ya kujiingiza humo. Mulombwa unatosha, nao hautikisiki sana misimu inapobadilika. Ila funga pua na mdomo unapoupiga msasa, kwa maana vumbi lake huwasha na huwaletea wengine pumu.

Fundi, mimi si seremala. Nilinunua komode mpya, na sasa sakafu ya droo imepasuka katikati. Nimedanganywa? (Kampemba)

Mama, ivute droo nje uipindue. Kama sakafu ni ya mbao halisi, nyuzi zake zinapaswa kwenda kutoka ubavu hadi ubavu, ili ikivimba au kunywea isogee kuelekea nyuma, chini ya ubao wa nyuma uliofanywa mfupi kwa makusudi hayo. Naona kwa maelezo yako kwamba aliyeitengeneza aliitia gundi pande zote nne, na mbao iliyofungwa pande zote ikinywea hupasuka. Mwambie aiondoe, aweke nyingine isiyo na gundi hata tone ndani ya mifereji ya mbavu, na nyuma aikaze kwa skrubu moja katika tundu refu linaloiruhusu kusogea. Akikuwekea tripleksi (ubao wa tabaka zilizogundishwa) ya milimita 6, kubali; hiyo haisogei, na bei ishuke.