Kisima kilichokufa kwa sahihi yangu

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesomea uhandisi wa petroli Dodoma, mwaka wa mwisho, aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimeitwa kwenye usaili Jumatatu ijayo. Wakiniuliza mafuta mazito yanaharibuje mwamba ulioyahifadhi, nijibu nini?" Nilimjibu mistari miwili, nikazima simu, na usingizi haukuja. Swali lake lilinirudisha kwenye kisima kimoja ambacho kwa miaka tisa nimekwepa kukisimulia. Leo nakisimulia. Najua wengi mnaonisoma mnataka kufika nilikofika, iwe Ghuba au Hoima kule Uganda, na sitaki mfike huko mkalirudie kosa langu.

Mdogo wangu, swali lenyewe lina mtego. Uzito wa mafuta peke yake hauharibu mwamba. Kinachotuama na kuziba ni asfalteni, ile sehemu nyeusi ya mafuta inayoyeyuka kwenye tolueni lakini haiyeyuki kwenye heptani, vimiminika viwili vya maabara. Mafuta ya Boscan, Venezuela, ni mazito kweli, na asfalteni zake ni kama asilimia 17, lakini hazijawasumbua sana wachimbaji. Hassi Messaoud, Algeria, mafuta ni mepesi, asfalteni hazifiki hata asilimia 1, na visima vyake vimezibwa nazo tangu siku za mwanzo. Mafuta mazito yana resini za kutosha, yaani sehemu ya mafuta inayozishikilia asfalteni zisiangukie chini, na uwezo wa kuzibeba asfalteni zake bila kuziangusha. Mafuta mepesi yenye gesi nyingi iliyoyeyuka ndani yake hayana nguvu hiyo. Presha ikishuka kidogo tu, asfalteni zinaachwa, zinashikana, zinaanza kutafuta pa kukaa. Pa kukaa penyewe ni vile vijinjia vyembamba vinavyounganisha tundu moja la mwamba na jingine.

Sasa kisima changu. Nilikuwa mkemia wa maabara katika nchi moja ya Ghuba, mwaka wangu wa pili kazini, mwanamke peke yangu kwenye zamu. Mwamba ulikuwa wa chokaa, kisima kimeanza kupunguza mafuta, na wahandisi wakaamua kukisafisha kwa asidi ya haidrokloriki. Kabla ya kazi kama hiyo maabara huchanganya asidi ile ile na mafuta ya kisima kile kile, kwenye joto la mwamba, ikiwa na chuma kilichoyeyukia ndani ya asidi hiyo, kisha mchanganyiko unamwagwa kwenye chujio lenye matundu 100 kwa kila inchi. Tope jeusi likibaki juu ya chujio, asidi haiendi popote mpaka dawa zinazochanganywa nayo zibadilishwe.

Sampuli ililetwa saa kumi jioni. Gari la asidi lilikuwa limeshafika kisimani, na simu ya msimamizi haikuacha kuita. Nilipofungua chupa nilijua kwa harufu na kwa macho kwamba mafuta yale yametolewa kwenye tangi, si kwenye kichwa cha kisima, pale juu mafuta yanapotokea. Yamekaa, gesi imetoka, na huenda yameshaangusha asfalteni zake chini ya tangi. Nilijua. Chuma nacho sikukitia, kwa sababu karatasi ya kazi iliandika kwamba asidi imetoka kwenye chombo kisafi. Lakini asidi haishuki mwambani kwa kuruka. Inapita kwenye kilomita za bomba la chuma lenye kutu, inakula ile kutu, na inafika chini imebeba chuma cha aina ile ile inayozikusanya asfalteni na kuzigeuza tope zito. Kipimo nilikifanya kwenye joto la chumba, nusu saa. Chujio likatoka safi, nami nikatia sahihi.

Siku zilizofuata kisima kilitema asidi iliyokwisha nguvu, halafu vipande vyeusi mfano wa lami vikaanza kukwama kwenye vali. Mafuta yalipotulia hayakufika theluthi ya yaliyokuwa yakitoka kabla ya sisi kukigusa.

Watu huniuliza, inawezekanaje tope kidogo liue kisima kinachovuta mafuta kutoka mita mamia? Chukua fomula ya Hawkins ya mwaka 1956, inayoonyesha mwamba ulioziba karibu na kisima unavyopunguza mafuta, na ufanye hesabu mwenyewe. Kisima chenye nusu kipenyo cha sentimita 10, kinachovuta kutoka umbali wa mita 300. Ziba pete ya mwamba yenye unene wa sentimita 40 tu kukizunguka, upenyevu wake, yaani uwezo wa kupitisha mafuta, ubaki sehemu moja ya kumi. Mafuta yanashuka hadi kama asilimia 36 ya yaliyokuwa yakitoka. Sentimita 40! Mafuta yote ya mwamba ule lazima yapite mlango huo mmoja.

Kwenye kikao msimamizi alisema maneno mawili: "Maabara ilipitisha." Hakuna aliyeuliza sampuli ilichukuliwa wapi, wala nani alikuwa akinipigia simu kila dakika tano. Nilikaa kimya kwa sababu sahihi ilikuwa yangu. Bado inaniuma, na sitajifanya imepita.

Tulijaribu kukitibu. Tukasukuma zailini, tukaiacha ilale usiku kucha, mafuta yakaongezeka kiasi. Hayakurudi yalipokuwa. Zailini huyeyusha mabonge, lakini asfalteni zilizokwisha kung'ang'ania uso wa jiwe haziondoki kirahisi hivyo. Jiwe lililokuwa likipenda maji sasa linapenda mafuta. Mafuta yanagandamana na kuta za vijinjia, na katikati yanapita maji. Ndiyo maana nasema kinga, kinga, kinga.

Na hata bila asidi mtu anaweza kufanya uharibifu huo huo kwa tamaa. Ukifungua vali sana ili uonyeshe mapipa mengi mwezi huu, presha karibu na kisima inashuka hadi kukaribia ile ambayo gesi huanza kujitenga na mafuta. Hapo ndipo asfalteni huanguka kwa wingi kuliko popote. Ikishuka zaidi ya hapo gesi inatoka, na mafuta yanayobaki yanapata tena nguvu ya kuzibeba, ila kilichokwisha kutuama kimetuama. Msikubali kusukumwa na ripoti ya mwisho wa mwezi.

Ninyi mnaolenga Uganda na Turkana, adui yenu mkubwa ni nta, si asfalteni. Mafuta ya Ziwa Albert na Lokichar yana nta nyingi. Ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale hadi Chongoleani, pale kwetu Tanga, limepangwa kupashwa joto njia nzima. Nta huganda kwa baridi. Lakini haraka ni ile ile. Kuna wanaochota mafuta ya chini ya tangi, wakayachemsha na kuyamwaga kisimani ili kuyeyusha nta iliyoganda bombani. Joto linaishia bombani sehemu za juu, na ile nta pamoja na uchafu wa tangi vinasukumwa mpaka ndani ya mwamba.

Mdogo wangu, omba sampuli ya kichwa cha kisima, omba joto halisi, tia chuma, na kama muda hautoshi, kataa kutia sahihi. Nakuomba ufanye jambo moja kabla ya usaili. Nenda maabara ya chuo, mbali na moto, uchukue mafuta ghafi na heptani. Ongeza heptani kidogo kidogo, na kila mara udondoshe tone moja kwenye karatasi ya kuchujia. Mwanzoni doa litatawanyika sawasawa. Asfalteni zikianza kushikana utaona pete nyeusi katikati ya doa. Andika ulikuwa umetia heptani kiasi gani, kausha karatasi hiyo, na Jumatatu uingie nayo kwenye chumba cha usaili.