Sigara mbili mfukoni

SWALI
Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha pili, ana miaka 15. Juzi nikiloweka shati lake la shule nilikuta sigara mbili zimeviringishwa kwenye karatasi ya daftari. Anasema kamshikia mwenzake. Wako wanne, kila jioni wako kwenye banda la gemu nyuma ya soko. Kuna mmoja mrefu, mcheza mpira, akicheka yeye wote wanacheka. Baba yake anataka tumhamishe shule. Tufanyeje?
Mama D., Morogoro

JIBU
Marahaba mama, na pole. Msimhamishe kwanza. Marafiki humvuta mtoto, ni kweli, lakini naye huwachagua. Mwenye hamu ya kuonja sigara akienda shule mpya atawatafuta wenye hamu kama yake, na atawapata.

Nilikuwa mwalimu wa nidhamu miaka 11. Kuna mwaka niliwatoa mstarini wavulana tisa, nikawachapa mbele ya shule nzima. Wiki iliyofuata vipisi vilikuwa vimehama kutoka nyuma ya vyoo hadi shamba la mahindi, na wale tisa, ambao awali hata hawakuwa wakikaa pamoja, sasa walikuwa hawaachani. Niliwaunganisha mimi. Linaniuma hadi leo.

Baadaye nikasoma utafiti uliochapishwa 2008, wa shule 59 za England na Wales, zenye wanafunzi zaidi ya 10,000 wa miaka 12 na 13. Wanafunzi wenyewe waliandika majina ya wenzao wanaowaheshimu na kuwafuata. Waliotajwa sana, watukutu wakiwemo, walifundishwa siku mbili nje ya shule, kisha kwa wiki 10 wakawa wanagusia habari za sigara katika maongezi ya kawaida na wenzao. Katika miaka miwili ya kuwafuatilia, uvutaji ulikuwa mdogo kuliko kwenye shule zilizoendelea na masomo ya kawaida. Sisi huku viranja tunawateua walimu, halafu tunashangaa hawasikilizwi.

Kwa hiyo mtu wako ni yule mrefu. Umemtaja kwa kupita tu, lakini ndiye mwenye ufunguo.

Na mwanao anahitaji mwenzake mmoja tu. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch kule Marekani, miaka ya 1950, kijana aliketishwa pamoja na watu waliopangwa kutoa jibu la uongo kuhusu urefu wa mistari. Wengi walifuata kundi angalau mara moja. Alipowekwa mtu mmoja wa kusema kweli, kufuata huko kulipungua mno.

Jumamosi waalike wote wanne, wapikie wali wa nazi. Yule mrefu mpe mbuzi akune nazi, ukae naye jikoni, umuulize habari za mpira, na pumzi zake zikoje kipindi cha pili. Sigara usizitaje. Mwache azitaje yeye.