Eksirei inasema mzima, vidole vina ganzi

SWALI: Wiki iliyopita niliteleza kwenye mtumbwi hapa Kirumba mwaloni, nikaangukia kiganja. Nilipigwa eksirei, nikaambiwa sijavunjika, nimeteguka tu. Kifundo cha mkono bado kimevimba, vidole havikunjiki vizuri, na gumba, cha shahada na cha kati vina ganzi. Mama mkwe anataka nikandwe. Nifanyeje?
Mchuuzi wa dagaa, Mwanza

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Mshukuru mama, lakini usikandwe wala usivutwe mkono.

Ganzi ya vidole hivyo vitatu inatutia wasiwasi kuliko uvimbe. Mshipa wa fahamu unaovihudumia hupita mbele ya kifundo, penye njia nyembamba. Ukianguka hivyo, mshipa huo unaweza kubanwa na lunati, mfupa mdogo wenye umbo la mwezi mwandamo, mmoja kati ya minane ya kifundo, ukiwa umechomoka kuelekea kiganjani.

Jeraha hili ni adimu, na takriban moja kati ya manne halionekani mara ya kwanza, kwa sababu picha ya mbele hudanganya. Omba picha ya ubavuni. Humo lunati hukaa kama kikombe juu ya mfupa mkubwa wa mkono wa upande wa gumba. Kikombe kikiinama kana kwamba kinamwaga chai kiganjani, mfupa umetoka. Beba picha zako uende leo hii idara ya mifupa, hospitali ya Bugando au Sekou Toure, na uanze kwa kutaja ganzi.

Ikithibitika kuwa mfupa umetoka, utapewa dawa ya usingizi, vidole vining'inizwe na uzito uvute mkono dakika 10 hadi 15 misuli ilegee, ndipo daktari ausukume mfupa mahali pake. Kadiri siku zinavyopita, ndivyo unavyogoma kurudi bila kupasuliwa. Na usikubali kuishia kwenye P.O.P. (plasta ngumu) tu: kano zinazofunga mfupa kwa mfupa zimechanika, kwa hiyo mfupa utahama tena humohumo ndani ya plasta. Kano hushonwa, mifupa ikashikiliwa kwa waya kama wiki 8, kisha mazoezi ya miezi. Tukuambie ukweli, kifundo mara chache hukunjika kama zamani.

Lunati ikiwa salama lakini shimo la chini ya gumba linauma ukilibonyeza, huenda skafoidi, mfupa mwingine kati ya ile minane, una ufa. Ufungwe plasta, na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14.

Vua pete sasa hivi. Usile kabla ya kuonwa, maana dawa ya usingizi hudai saa 6 bila chakula.