Maswali ya Wasomaji: Kibao cha Kumbukumbu Mpwapwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mlezi wa klabu ya historia katika shule moja wilayani Mpwapwa. Wanafunzi wamechanga fedha ili tusimamishe kibao cha kumbukumbu ya kituo cha Wajerumani kilichoharibiwa vitani mwaka 1889. Tumeandika hivi: "Hapa palikuwa na Boma la Serikali ya Kijerumani, lililoharibiwa na waasi wa Kiarabu." Wazee tuliowasomea hawakuridhika. Tusahihishe kabla fundi hajaanza kuchonga.
Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Mwalimu, umefanya vyema kuuliza mapema, kwa kuwa herufi ikishachongwa kwenye jiwe haifutiki. Wazee wako wana haki ya kutoridhika.

Mwaka 1889 Mpwapwa haikuwa na serikali ya Kijerumani. Kituo kile kilikuwa cha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyojitwalia kazi za serikali kwa nguvu ya hati ya ulinzi aliyoitoa Kaisari mwezi Februari 1885, na dola yenyewe ilichukua utawala tarehe 1 Januari 1891. Kwa hiyo andikeni "Kampuni".

Neno "waasi" ndilo linaloniuma zaidi. Anayeasi ni yule aliyekuwa chini ya utii, ilhali vita hivi vilizuka Pangani mwezi Agosti 1888, Kampuni ilipotweka bendera yake kwa nguvu ya mkataba ambao Sultani Khalifa wa Unguja alikuwa ametia saini mwezi Aprili mwaka huo, bila wenyeji wa pwani kuulizwa lolote. Wala havikuwa vita vya Waarabu peke yao: pamoja na Abushiri bin Salim, Mwarabu wa pwani aliyeviongoza, walipigana Waswahili na watu wengine wa pwani, na huko Saadani aliongoza Bwana Heri, ambaye nguvu yake ilitoka kwa Wazigua. Jina la "uasi wa Waarabu" walilitunga Wajerumani kwa manufaa yao, na sioni sababu ya watoto wa Mpwapwa kulirithi.

Abushiri aliposukumwa kutoka pwani na majeshi ya Hermann von Wissmann, afisa aliyetumwa na dola ya Kijerumani kuvizima vita, alipanda bara na katikati ya mwaka 1889 akakishambulia kituo. Mzungu mmoja, Nielsen, aliuawa. Mwenzake, Luteni Giese, alinusurika. Kwa nini Mpwapwa? Kwa sababu ya maji. Misafara kutoka Bagamoyo ilipumzika hapo kabla ya kuikabili nyika kavu ya Marenga Mkali kuelekea Ugogo, na mpagazi mwenye mzigo wa frasila mbili (kama kilo thelathini na mbili) begani hakuthubutu kuondoka kibuyu chake kikiwa hakijajaa. Aliyeshika Mpwapwa aliishika njia. Jambo hili lingefaa kuandikwa, kwani siku hizi reli inapita Gulwe, nje ya mji wa Mpwapwa, na mgeni hawezi kulibuni.

Msichanganye pia kituo hicho na ngome ambayo Wissmann aliijenga alipofika mwezi Oktoba 1889. Hiyo ilikuja baada ya maangamizi. Na badala ya "hapa", neno linalobana mahali pa kukanyaga mguu, tumieni "katika mji huu". Napendekeza maneno haya:

"Katika mji huu, kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, palikuwa na kituo cha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kiliharibiwa mwaka 1889 na wapiganaji wa Abushiri bin Salim, katika vita vya watu wa pwani vya kuipinga Kampuni. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889."

Kabla ya kuchimba msingi, mwoneni afisa utamaduni wa halmashauri ili awaunganishe na Idara ya Mambo ya Kale, kwa kuwa vitu vya kale vilivyomo ardhini vinalindwa na sheria ya mwaka 1964. Mkikuta vigae au misumari iliyoliwa na kutu, viacheni vilipo. Jiwe likiwa na nafasi, maandishi hayo yarudiwe chini kwa Kigogo. Wazee hao hao wayatamke, nanyi myaandike.