Mjomba kaniletea filimbi ya Bb, nifanye nayo nini?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, naimba sauti ya pili katika kwaya ya vijana hapa Korogwe. Filimbi nimejifunzia ile ya mwanzi yenye matundu 6, ki yake (yaani sauti inayokuwa doh) ni D. Mwezi uliopita mjomba alirudi safari na nyingine, ndefu, imechomwa herufi Bb (B flati, sauti iliyo chini kidogo ya B) karibu na tundu la kupulizia. Nikipiga na mpiga gitaa wetu hatuelewani kabisa, na vidole vyangu havifiki. Wenzangu wanacheka kwamba mjomba kauziwa mbuzi kwenye gunia. Mmoja anashauri tuikate kwa msumeno iwe D. Hivi kweli yupo mtu mwenye sababu ya kupiga filimbi ya ki kama hiyo? – Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba, binti yangu. Msumeno urudishe ulikotoka, halafu tuzungumze.

Karatasi ya wimbo ikiandikwa juu "Doh ni Eb", wewe na filimbi yako ya D mnafanyaje? Najua, maana nimeyafanya. Kati ya sauti 7 za ngazi hiyo, G na D zinatoka zenyewe, C unaipata kwa kuvusha vidole (kuacha tundu la juu wazi na kuziba yaliyo chini yake), na 4 zilizobaki ni za kuiba kwa kufunua nusu tundu. Kwenye wimbo wa taratibu utasitirika. Kwenye pambio la kuchezea, kidole kikiteleza kidogo tu, kanisa zima linageuka kukutazama. Filimbi ya chuma, ile aliyoiunda Mjerumani Theobald Boehm mwaka 1847, ina vifuniko vya kumfikisha mpigaji kwenye ki yoyote. Mpiga kinanda wenu naye, nina hakika, anapiga kila kitu kwenye C na kubonyeza kitufe cha kuhamisha ki. Sisi wa mwanzi kitufe chetu ni filimbi nyingine.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Nikiwa kijana kule Lushoto nilialikwa kupiga harusini pamoja na matarumbeta. Nikaenda na D yangu, shati limepigwa pasi, kifua mbele. Kiongozi akanyoosha vidole viwili hewani, wakaanza: Bb. Wimbo wa pili, Eb. Nilisimama nyuma ya ngoma kubwa filimbi mdomoni, vidole vinacheza, sauti sitoi. Bibi harusi alinipongeza! Mzee mmoja wa tarumbeta hakudanganyika. Aliniita pembeni akaniambia nikatafute mwanzi mrefu zaidi.

Tarumbeta ya kawaida imeundwa kwenye Bb. Ukiipuliza bila kubonyeza kitu, sauti zinazotoka ni za jamii ya Bb, kwa hiyo wapigaji wake hustarehe kwenye Bb, Eb na F. Filimbi yako mpya inatoa Bb na Eb kwa vidole vilevile unavyotumia kupata D na G kwenye ile ya zamani. Wamisionari wa Kijerumani walituachia matarumbeta makanisani huku Usambara, na wewe uko chini tu ya milima hiyo. Siku mkialikana, utanikumbuka.

Hata hilo neno "ya kawaida" linategemea umekaa na nani. D imezoeleka sana kwa Waayalandi kwa sababu filimbi zao hukaa na fidla, na nyuzi za fidla ni G, D, A na E. Ukienda Ireland ya Kaskazini, bendi nyingi za filimbi zinazoandamana barabarani hupiga Bb.

Halafu kuna koo la mwimbaji. Tulikuwa na mama mmoja kiongozi wa nyimbo, sauti nene ya asali. Kwenye D alikuwa akifika kiitikio anakunja uso kama aliyemeza kwinini. Tukamshusha hadi Bb, uso ukakunjuka. Nani angemwambia apande tena eti filimbi imekataa?

Sababu nyingine ni yangu binafsi: ya chini haina kelele. Saa nne usiku D inaamsha mbwa wa jirani. Bb inanguruma tu, kama mtu anayeongea na mto wa kulalia. Kasi haiipendi, usiilazimishe.

Vidole sasa. Kila unaposhuka nusu toni, yaani hatua ndogo kama ya freti moja ya gitaa, bomba linarefuka kwa karibu asilimia 6, na toka D hadi Bb ya chini ni nusu toni 4. Kwa hiyo matundu yameachana robo na ushee zaidi ya uliyoyazoea. Usizibe kwa ncha za vidole. Vilaze, uzibe kwa nyama ya pingili ya kati, hasa mkono wa chini. Wiki ya kwanza mkono utauma, pumzika.

Kuhusu gitaa, mwenzako alikuwa kwenye ki ya zamani nawe uko kwingine. Afunge kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, freti ya 3. Akishika kama anapiga G, inatoka Bb. Akishika C, inatoka Eb. Nawe ipashe filimbi moto kwa pumzi dakika kadhaa kwanza, maana mwanzi ukiwa baridi sauti inakaa chini.

Na ule msumeno: ukikata mwisho wa bomba, sauti ya chini kabisa ndiyo inayopanda. Matundu 6 yanabaki palepale, yakiimba Bb yake. Mimi nilikata moja hivyo. Leo imeshikilia pazia la jikoni kwangu.