Jibu: Ngozi ya samaki kwa kidonda cha kisukari

Pole sana ndugu, na mzee apate nafuu. Umeuliza kama ngozi ya samaki kwa kidonda cha kisukari kwenye unyayo wa mzee ni utapeli. Hapana. Ngozi ya samaki wa Iceland huondolewa seli zake, ikabandikwa kidondani, na nyama ya mgonjwa mwenyewe ikaota kupitia vitundu vyake. Kuna pia Apligraf, ngozi inayooteshwa maabara, yenyewe ina seli hai za binadamu. Marekani iliiruhusu kwa vidonda hivi mwaka 2000.

Ila msizikimbilie ngozi hizi. Kwanza nyama iliyokufa ikwanguliwe, usaha uishe, damu ipimwe kama inafika mguuni, sukari ishuke, na mzee asikanyagie kidonda hata akienda msalani. Kisipopungua nusu ndani ya wiki 4, hapo muulizeni daktari kuhusu ngozi hizi. Na hizo kandambili anazovaa mzee, tupeni leo. Kidole kikianza kuwa cheusi, hospitali siku hiyohiyo.